Mikono Iliyomlaza Bibi

Mafuta ya nyonyo yakipata moto hutoa harufu nzito yenye uchungu kidogo, harufu inayong'ang'ania kwenye kucha na kwenye nywele hata baada ya mtu kuoga mara mbili. Kwetu, katika kijiji kilichoegemea mlima upande wa juu wa Mlola, harufu hiyo ndiyo iliyotangaza saa saba mchana. Mama aliyatia mafuta katika kifuniko cha bati, akakiweka juu ya majivu ya moto kwa muda wa kumenya kiazi kimoja, kisha akaita jina. Kila siku jina lilikuwa lile lile, na halikuwa langu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mdogo wangu Rehema alikuwa na kumi na mmoja. Ulikuwa msimu wa kipupwe, shule zimefungwa, ukungu ukipanda kutoka bondeni tangu alfajiri na kuzifuta nyumba moja baada ya nyingine, mpaka jua lilipopata nguvu ya kuupasua na kutugawia saa mbili tatu za joto. Katika saa hizo Bibi, mama yake baba yetu, alitoka jikoni akijishikilia ukuta, akajinyoosha juu ya kitanda chake cha kamba pale barazani, akafunua miguu yake hadi magotini, akangoja mikono ya Rehema.

Usiku Bibi alikuwa halali. Alipanda kitandani pamoja na kuku, lakini ikifika saa nane alikuwa ameshaamka, ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga, akichochea moto usiopika kitu na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini ili asituamshe. Hayo niliyajua kwa kusimuliwa tu. Mimi nililala usingizi wa pono. Ningeweza kubebwa pamoja na kitanda chetu hadi Rangwi na kurudishwa, nisijue kama nimesafiri. Katika nyumba yetu kila mtu alikuwa na usingizi wa namna yake. Samweli, mdogo wetu wa mwisho, alilala popote alipowekwa, hata mgongoni kwa Mama huku Mama akipiga jembe. Mama mwenyewe alilala kwa wizi, dakika chache hapa na pale, kichwa kimeegemea gunia la maharage. Bibi alikuwa na falsafa yake juu ya jambo hili. "Usingizi ni kama meno," alisema siku moja nilipomuuliza kwa nini haendi kulala kama watu wengine. Kishambaa chake nakigeuza hapa kuwa Kiswahili, na najua kinapoa njiani. "Unauota ukiwa mdogo, unautafunia dunia, kisha unakutoka mmoja mmoja. Mimi nimebakiwa na gego moja tu, nalo ni la mchana."

Gego hilo la mchana halikuwa la mchezo. Mwaka uliotangulia, Bibi alikosa usingizi wa mchana siku nne mfululizo kwa sababu ya mvua na wageni wa msiba, na jioni ya siku ya nne alisinzia palepale kwenye kigoda akaangukia motoni. Mkono wake wa kulia uliungua kutoka kiganja hadi kiwiko, na kovu lake lilikuwa jekundu na lenye kung'aa kama ganda la tunda lililoiva. Tangu siku hiyo Mama aliuhesabu usingizi wa Bibi kuwa ni dawa, tena dawa ya kunywewa kwa saa yake. Na dawa hiyo haikupatikana bila kukandwa miguu. Mama hakuweza kuikanda yeye, kwa kuwa mke wa mwana hamshiki mkwewe miguu, au angalau ndivyo Bibi alivyosema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Ilikuwa kazi ya wajukuu wa kike, na wajukuu wa kike pale nyumbani tulikuwa wawili.

Nataka nisijisingizie wema. Nilimwonea mdogo wangu wivu mkali, wivu wa kukosa hamu ya chakula. Tulipewa nafasi sawa mwanzoni, mimi nikiwa wa kwanza kwa haki ya ukubwa, na nilikanda kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilidhani mapenzi hupimwa kwa nguvu. Bibi alivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliinua kichwa akanitazama. "Ester, mwanangu, unanikanda au unapasua kuni?" Mama alicheka. Jirani aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama ili acheke vizuri. "Mwacheni," Bibi akaendelea, "huyu atakuja kuwa fundi seremala. Niitieni mdogo wake." Rehema akaja, akaketi mwishoni mwa kitanda, akaipakata ile miguu miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike, na kabla jua halijahama kutoka nguzo moja kwenda ya pili Bibi alikuwa anakoroma. Kuanzia hapo nikawa mtu wa jikoni. Nilimenya viazi huku nikisikiliza minong'ono yao barazani, maana Bibi kabla ya kuzama usingizini alikuwa na tabia ya kuzungumza, maneno laini yaliyokatika katikati, juu ya mama yake, juu ya mbuzi aliyewahi kuwa naye, juu ya ndugu zake waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa. Rehema alijua majina yao wote. Mimi sikujua hata mmoja. Nilimenya kwa hasira, hadi Mama akaniambia kwamba maganda yangu yangetosha kushibisha mbuzi watatu, na viazi vyenyewe visingemshibisha Samweli.

Baba alikuwa akifanya kazi ya chai Bulwa, upande wa pili kabisa wa milima, na kuja kwake nyumbani kulikuwa safari ya kushuka tambarare na kupanda upya. Kipupwe hicho alipata likizo ya wiki mbili. Alifika na koti lililonuka majani ya chai yaliyokaushwa, akazipa shikamoo zetu mgongo kwa kuwa alikuwa amechoka, akalala kutoka mchana hadi asubuhi ya pili. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaja dada yake, Shangazi Naomi, ambaye alikuwa mwalimu Lushoto mjini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na viatu vilivyofungwa kamba. Alikula, akasifu makande ya Mama, kisha akasema alilojia. Shule aliyofundisha ilikuwa inapeleka watoto sekondari kila mwaka, na ya kwetu kijijini, kila mtu alijua, ilikuwa inawapeleka shambani. Alikuwa na kitanda kimoja cha ziada. Angemchukua mtoto mmoja.

"Mmoja yupi?" Baba akauliza.

"Kaka, wote ni watoto wako. Lakini daftari la hesabu la Rehema nimeliona."

Kila mtu barazani alimtazama Rehema, na Rehema akatazama vidole vyake vya miguu. Nilihisi masikio yananiwaka. Kumbe haitoshi kwamba ana mikono; ana daftari pia! Hapo ndipo Bibi, ambaye tulidhani anasinzia, alipofungua jicho moja.

"Huyo haendi popote," alisema. "Huyo ni usingizi wangu. Mchukueni mkubwa."

"Mama," Shangazi akajaribu, "mtoto ni wa shule, si wa miguu."

"Na mimi ni wa motoni?" Bibi akainua mkono wake wenye kovu, akauacha hewani mpaka kila mtu akautazama. Shangazi akainamisha uso.

Baba alikuwa mtu wa kutafuta njia ya katikati, tabia aliyoipata labda katika kazi ya kiwandani, ambako mashine haikubali kubembelezwa. Akatoa hukumu yake. Yeye angeondoka Jumamosi, na njiani ampitishe mtoto kwa Shangazi. Ijumaa mchana Ester amkande Bibi miguu, yeye Baba akiwa ameketi hapo hapo. Bibi akilala, Rehema aende mjini na Ester abaki awe usingizi wa Bibi. Bibi asipolala, aende Ester. Shangazi alikubali. Mama hakuulizwa. Mimi nilibaki nimesimama na sahani mkononi, nikiwa na jambo moja tu kichwani: nilikuwa nimetajwa mara mbili, na mara zote mbili kama mtu ambaye nyumba inaweza kuishi bila yeye.

Jumatatu asubuhi, tulipokuwa tunateka maji, Rehema aliweka ndoo chini akanishika mkono. Alikuwa hana soni kabisa ya kutaka alichokitaka, na hilo pia nililionea wivu. "Dada, nitakufundisha," akasema. "Siku nne zinatosha." Akaketi kwenye jiwe, akavua kandambili, akanipa mguu wake wenye tope. "Usikande kama unafua. Anza na kidole kidogo. Sasa sikiliza."

"Nisikilize nini? Mguu unasema?"

"Ee, unasema. Akivuta pumzi ndefu, wewe simama. Akiitoa, endelea. Usimtangulie. Na kisigino cha kushoto usikiguse kabisa, pana mfupa unaomuuma. Ukikigusa tu, umemwamsha, na hatalala tena mpaka kesho."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nilikigusa siku moja."

Mchana wa siku hiyo, Rehema alipokwisha kumlaza Bibi, aliniashiria nitoke jikoni. Nikatambaa hadi kitandani kwa magoti. Tukabadilishana mikono juu ya miguu ya mzee aliyelala, kidole kwa kidole, kama watu wanaohamisha kifaranga kutoka kiota kimoja kwenda kingine. "Taratibu," Rehema alininong'oneza. "Hapo. Hapo hapo. Usifike kisigino, Dada, nimekuambia cha kushoto!" Tulibanwa na kicheko mpaka machozi yakatutoka, na Bibi hakutikisika. Jumanne tukafanya vivyo hivyo, tukinong'ona vilevile, Rehema akinieleza mjini atakula nini na atalala upande gani wa kitanda cha Shangazi. Jumatano nilianza mimi mwenyewe, kwa kidole kidogo, nikisikiliza. Sijui niielezeje. Miguu ya Bibi ilikuwa mikavu na mizito kama mizizi iliyochimbuliwa, na ghafla, chini ya mikono yangu, uzito wake ukabadilika. Ukawa uzito mwingine, uzito wa kitu kilichoachiliwa. Pumzi yake ikashuka. Akasema maneno mawili juu ya yule mbuzi wake, akanyamaza. Nilikuwa nimemlaza Bibi. Nilitaka kuita kijiji kizima kije kuona.

Rehema alikwenda nyuma ya jiko akacheza peke yake, bila ngoma, miguu mitupu juu ya maganda ya maharage. Kisha akaingia chumbani kwetu akatoa gauni lake la Jumapili, akalikunja, akalikunjua, akalikunja upya. Aliomba sanduku la mbao la Mama. Alinipa, kwa moyo mweupe, mgao wake wa kitanda, akanionyesha pale ambapo kamba zimelegea ili nisiteseke. "Utabaki na Bibi," alisema. "Atakusimulia habari za dada yake aliyekimbia harusi. Hiyo ni nzuri mno, sijakusimulia makusudi ili uisikie kwake." Nilisimama mlangoni nikiitazama furaha yake, na kijicho changu kikageuza uso. Kwa majuma nilikuwa nimetaka kitu kimoja tu, kuitwa mimi saa saba mchana, na sasa nilikuwa nimekipata. Lakini nilipomwona analainisha gauni lile kwa kiganja, nilitambua kwamba sikukitaka tena, kwa sababu yeye naye amepata kitu. Wahenga wamesema mtaka yote hukosa yote. Hawakusema lolote juu ya yule ambaye hataki yote, anataka tu mwenzake asiwe na chochote.

Ijumaa jua lilichelewa, likatoka jembamba. Baba alileta kigoda akaketi karibu na nguzo. Mama alipasha mafuta, na kwa mara ya kwanza msimu ule akaita, "Ester!" Nilikwenda. Rehema alisimama kwenye mlango wa jiko, viganja viwili mdomoni. Nilianza vizuri, na sikuanza vizuri kwa hila. Mikono yangu ilikuwa imeshajifunza na ilifanya yenyewe. Kidole kidogo, kinachofuata, unyayo. Pumzi ya Bibi ilishuka ngazi ya kwanza, ikashuka ya pili. Baba alitikisa kichwa kidogo kwa kuridhika na kuanza kutafuta kiberiti chake mfukoni. Nikamtazama Rehema kule mlangoni. Alikuwa anatabasamu chini ya viganja. Machoni mwake niliona ameshafika mjini. Kidole gumba changu kikashuka hadi kisigino cha kushoto, kikatafuta ule mfupa, kikaupata, kikaminya.

Bibi alishtuka, akavuta mguu. Akafungua macho yote mawili. Hakulalamika, na jambo hilo lilinishangaza hata wakati ule, kwa maana alikuwa mtu wa kulalamika. Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtu sokoni akijaribu kukumbuka walipoonana. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mikono ya huyu haina usingizi. Mpelekeni shule."

Rehema hakulia. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Aliporudi alipita karibu nami akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulisahau kisigino." Nikamjibu, "Nilisahau." Kesho yake nilishuka Lushoto nikiwa nimebeba sanduku la Mama, na ndani yake, kwa kuwa langu lilikuwa limechanika kwapani, gauni la Jumapili la Rehema.

Nilisoma. Nilikuwa na kichwa cha wastani na woga wa kurudishwa, na viwili hivyo vikiungana humfikisha mtu mbali. Nilifika sekondari, nikafika chuo, na leo ninafundisha walimu katika mji wa joto ambako kipupwe ni neno la kitabuni. Rehema alimaliza darasa la saba kijijini. Bibi aliishi miaka tisa mingine, na katika miaka yote hiyo hakuanguka tena motoni. Rehema aliolewa baada ya mazishi yake, hatua mia tatu kutoka barazani pale, na analima kabichi na karoti anazozipeleka gulioni Mlola pamoja na mumewe. Mimi nilituma nguo, nilituma madaftari ya wanawe, nilituma dawa za Mama. Nilikuwa dada mwema kadiri mtu anavyoweza kuwa mwema kwa mbali.

Sasa nimefika miaka hamsini na kitu, na meno yale aliyoyasema Bibi yameanza kunitoka. Usingizi wa pono sijui ulihamia wapi. Ninapitiwa saa nne usiku juu ya karatasi za wanafunzi, na ikifika saa nane nimeamka, macho makavu, moyo unapiga kama mtu aliyeitwa. Ninasikia friji ikinguruma na kunyamaza. Chumba cha pili analala binti yangu, ambaye ana miaka kumi na tisa, na usingizi wake unavuka mlango na kuja kunikejeli. Saa nne asubuhi bado amelala, mkono mmoja umening'inia, shavu limejaa mistari ya shuka. Nimewahi kusimama pale nikamwamsha bila sababu yoyote, eti nimtume chumvi, na chumvi ilikuwepo. Ndiyo, hata kwa mwanangu. Aliyelala usimwamshe, wasema wazee, ukimwamsha utalala wewe. Nilimwamsha, na sikulala.

Mchana ndipo napata kidogo. Jumamosi moja nilijilaza sebuleni, kitambaa usoni. Haukuwa usingizi wa kuzama. Ulikuwa ule wa kuelea, ambao mwili haupo lakini masikio yapo. Binti yangu alikuwa mezani na rafiki yake. "Mama yako kalala?" rafiki akauliza. "Huyo? Keshakufa," binti yangu akajibu, na wakaanza kunong'ona. Nilisikia yote. Nilisikia kwamba mimi ni mtu wa kununa, kwamba katika nyumba hii hakuchekwi kwa sauti, na kwamba akipata chuo atachagua cha mbali. Sikutikisika. Na nilipokuwa nimelala hivyo, nikisikia kila neno chini ya kitambaa changu, barazani petu palinijia pote kwa mara moja: siku tatu mfululizo, watoto wawili wamepiga magoti juu ya miguu ya mzee, wakinong'onezana kisigino cha kushoto, Dada, kisigino cha kushoto. Mzee wa miaka sabini na zaidi. Mzee ambaye usiku alisikia majani yakianguka. Bibi hakuwa amelala. Alijua mpango wetu tangu Jumatatu, na siku ya Ijumaa alijua kwamba kidole changu hakikusahau.

Kipupwe hiki nilipanda nyumbani kwenda kumwambia Rehema. Nilimkuta ameketi juani, akipukuchua maharage ndani ya ungo mpana. "Shikamoo Dada," alisema, akasogea kwenye mkeka. "Mbona umekonda hivi? Huko mnakula karatasi?" Nikaketi, nikachukua maganda yangu, tukapukuchua. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, lakini yalitoka yote kwa mkupuo na bila mpangilio: mfupa, kidole, gauni lake, uongo wangu. Nilimwambia niliminya makusudi. Nilimwambia sikumtakia shule, na kwamba sikuitaka hata mimi.

Rehema hakuacha kupukuchua. "Dada, nilikuwa mlangoni," alisema. "Kidole chako nilikiona."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Baba.

"Ningemwambia nini? Mtoto wa miaka kumi na mmoja amshitaki mkubwa wake? Ungepigwa, ningepigwa, Bibi angebaki macho." Akapepeta ungo, maganda yakapaa. "Na Bibi naye alijua. Aliniambia mwaka ule aliokufa. Alinishika hapa," akagusa kifundo chake cha mkono, "akasema, Rehema, nilisikia mlivyofundishana, na nilijua mkubwa wako kaniminya kusudi. Nikanyamaza, maana nilitaka kulala. Nisamehe, mwanangu."

"Ukamsamehe?"

"Nilikuwa nimeshamkanda miaka tisa, Dada. Ningeanza kumkasirikia siku hiyo?"

Nikamuuliza kama mimi hakunikasirikia. Alicheka, kicheko kile kile cha kubanwa, sasa kikiwa na pengo la jino. "Wewe! Nilikuonea wivu, acha kabisa. Kila Krismasi ukishuka kwenye gari na viatu vya kamba, nilikuwa nikikutazama miguu tu. Nilikaa macho miaka mingi kwa ajili yako. Halafu watoto wakaja, karoti zikaja, nikaona siwezi. Wivu ni kazi ya kukesha, Dada. Mimi saa kumi na moja niko shambani."

Alisema hivyo bila kukusudia kunichoma, na ndiyo sababu ilichoma. Tulikula viazi na maharage mabichi yaliyotiwa chumvi tu. Kisha akajinyoosha kwenye mkeka, akavuta kanga hadi kidevuni, akaniuliza kama binti yangu bado ni mpole, na kabla sijajibu alikuwa amelala. Mdomo wazi, viganja vimelegea, usingizi mzito wa mtu mwenye miaka hamsini ambaye hadaiwi na yeyote. Nilidhani mtu akizeeka lazima apokonywe. Kumbe wengine wanaachiwa.

Watu huniuliza wakati mwingine kama najuta, na najua jibu linalotarajiwa. Majuto ni mjukuu, husemwa, na kwetu yalikuwa ya wajukuu kweli. Lakini nitasema ukweli wa siku ile. Nilikaa juani kando ya mdogo wangu nikapima alichopata kila mmoja wetu. Mimi nilipata shule, na mshahara, na nyumba yenye friji. Yeye alipata kutakiwa: mzee mmoja alimtaka kiasi cha kumdhulumu ili abaki naye, na kisha akamshika mkono akamwomba radhi. Hakuna aliyewahi kunidhulumu kwa sababu hakuweza kuachana nami. Niliachiliwa mara moja, bila ugomvi, kwa sentensi mbili. Rehema akageuka upande, akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Nami nilibaki nimeketi pale, macho wazi kama bundi wa mchana, na pamoja na umri wangu na vyeti vyangu na maungamo yangu, nikamwonea wivu.